Nyanya Mzaa Nani?

Barafu alikuwa mwanamume wa kilo mia moja na ushee, fundi wa majokofu, na hakuogopa kitu chochote chenye umeme. Ukimpelekea friji iliyompiga mtu shoti mpaka meno ya bandia yakamtoka, ataipokea, ataifungua mgongo, ataingiza mkono ndani huku anakuuliza habari za nyumbani. Sindano je? Hapo tusidanganyane. Mara ya mwisho kuchomwa sindano alikuwa darasa la tatu, na inasemekana aliyelazwa baada ya zoezi lile alikuwa muuguzi.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati wa kukunja. Majokofu yalisimama pande zote, mengine hayana milango, mengine hayana mgongo. Katikati palikuwa na meza ya chuma, mtungi wa gesi, geji mbili na redio inayoshika stesheni moja tu, nayo ikitaka. Mita ya kupimia umeme haikumtoka shingoni, na kila swali alilijibu kwa maneno yale yale: "Ngoja nipime kwanza." Mteja akisema kompresa imekufa, ngoja nipime kwanza. Jirani akimuuliza ataoa lini, ngoja nipime kwanza. Jirani alishachoka kuuliza, naye hadi leo anapima.

Sasa mtu wa namna hii aliingiaje kwenye mambo ya tatuu? Tena tatuu ya Kichina? Sababu ni nyanya yake.

Nyanya huyu alikuwa mshona sare za shule, kizee wa miaka sabini na tisa, mfupi, mkavu, mwenye ulimi unaokata kuliko mkasi wake. Ndiye aliyemlea Barafu tangu akiwa na miaka minne. Hakuwa na mtu mwingine, na Barafu naye hakuwa na mtu mwingine. Kila siku saa kumi na moja jioni fundi alifunga karakana, akatembea mitaa miwili, akaingia kwa nyanya yake kula na kusemwa. Alisemwa kwa ajili ya viatu, kwa ajili ya tumbo, kwa ajili ya kutooa. Asiposemwa, alijua kizee anaumwa.

Mwaka ule mvua zilipoanza, kizee akanyamaza kweli. Nimonia. Wiki tatu hospitali, na Barafu juu ya kistuli cha plastiki pembeni ya kitanda, kistuli kinalia kila akipumua. Siku moja wauguzi wakamsukuma kizee kwenda kupigwa picha ya kifua, kitanda kikabaki kitupu, na shuka limeacha alama ya mwili mdogo sana. Barafu akaingiza mkono mfukoni kutafuta picha yake aitazame. Picha gani? Hakuwa nayo hata moja. Kizee alikuwa hapigwi picha. Ukimwelekezea simu anakugeuzia mgongo: "Nani kakwambia nataka kukaa ndani ya simu yako na mafriji?" Basi pale kitandani hofu ikamshika lile jitu la mtu. Aliona wazi kwamba nyanya akiondoka, hataacha kitu cha kushika.

Kizee alipona. Alirudi nyumbani akiwalaumu madaktari kwamba chai yao ni maji ya kunawia. Ila ile hofu ilibaki kwa Barafu. Akaamua atamweka nyanya yake mahali ambapo hapotei wala haibiwi: juu ya mkono wake wa kushoto. Na amweke angali hai.

Tatizo lilikuwa nyanya mwenyewe. Kizee alichukia tatuu kupita maelezo. Kijana akipita dirishani na mchoro shingoni, mashine ya kushonea inasimama: "Ngozi siyo kitambaa, we!" Kwa hiyo maandishi yalipaswa kuwa yale asiyoweza kuyasoma. Na hapo Barafu hakuhangaika kufikiri. Miaka ishirini alikuwa anafungua mabodi ya majokofu yaliyojaa maandishi ya Kichina. Hakuyajua maana, lakini aliyaheshimu. Kila kilichoandikwa hivyo, ukikiunganisha vizuri, kinawaka. Na kizee akiuliza ni kitu gani, atamwambia ni namba ya kompresa.

Akapiga moyo konde, akaenda kwa Wino.

Wino alikuwa mchora tatuu, mwembamba, mwingi wa maneno, amechorwa mwili mzima hadi chini ya kidevu. Alikuwa na chumba ghorofani, juu ya kinyozi. Kuta zake zote zilijaa picha za wateja, na katikati kulikuwa na kiti alichokinunua kwa daktari wa meno aliyestaafu. Barafu alipokiona kile kiti, nusura ashuke ngazi.

"Karibu, kaka, kalia. Tunachora nini? Joka? Chui? Jina la mchumba? Jina la mchumba nakushauri tuanze na penseli."

"Neno moja tu," alisema Barafu. "Kwa Kichina. Nyanya."

Wino akamtazama. Akatazama ule uso wa kazi, lile umbo. Katika shughuli zake alishaombwa mambo ya ajabu kuliko hilo. "Hakuna shida," akasema, akatoa simu, akaandika neno, akaibonyeza mara moja. "Hii hapa. Maandishi mawili, safi kabisa. Ona hili la pili, lina majani kidogo kichwani."

"Una uhakika?"

"Kaka, simu hii ina lugha mia moja. Mimi na wewe tuna ngapi?"

Wino akachora kwenye karatasi yake ya kugandishia, akalowesha mkono wa Barafu, akabandika, akabandua. Maandishi mawili ya zambarau yakabaki kwenye ngozi, yanayotoka kwa kuoga siku mbili tatu. Yalikuwa mazuri kweli. Kisha Wino akavaa glavu, akawasha mashine, ikaanza kunguruma, na Barafu akageuza uso haraka kutazama ukutani, popote pale, mradi asiione sindano.

Alichokiona ukutani kilikuwa mgongo. Mgongo mpana wa mlinzi wa lango la soko, mtu anayejulikana mji mzima, anayewatoa walevi wawili wawili, mmoja kila kwapa. Katikati ya mgongo ule kulikuwa na maandishi mawili meusi, makubwa kama sahani.

"Yule umemwandika nini?" akauliza Barafu.

"Yule? 'Shujaa Asiyetikisika.' Kazi ya mwaka juzi. Simu haikuwa na chaji, nikayanakili kutoka kwenye katoni moja hivi, maandishi yalikuwa na nguvu sana."

Barafu akayatazama vizuri. Alikuwa hasomi Kichina, hilo tumeshalisema, lakini haya aliyajua kwa sura. Alishayaona mara elfu, kwenye kila katoni ya kompresa, na kila mara yalikaa mahali pamoja: chini ya picha ya mwavuli.

"Zima mashine," akasema.

"Kaka, hata sijakugusa!"

"Zima. Ngoja nipime kwanza."

Wino alikasirika, na ana haki. Alisema yeye ni msanii, hapimwi kama betri. Lakini Barafu alikuwa ameshateremsha mkono wa shati na anashuka ngazi mbili mbili. Na tuseme kweli, mwendo ule haukuwa wa kutafuta tafsiri peke yake. Sindano nayo ilimsukuma mgongoni.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Kompresa. Huyu alikuwa mama wa Kichina, mwenye duka la vipuri, aliyeishi pale miaka ishirini na mbili na kuwashinda mafundi wote kwa Kiswahili cha ugomvi. Siku hiyo alikuwa nyuma ya kaunta anapasua katoni kwa kisu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Ile thermostati haina garantii. Usianze."

"Sijaja kwa thermostati." Barafu akapandisha mkono wa shati, akaulaza mkono juu ya kaunta. "Nisomee hapa."

Mama Kompresa akavaa miwani. Akasoma. Akamtazama Barafu usoni. Akasoma tena.

"Imeandikwa nyanya," akasema.

Barafu akashusha pumzi mpaka karatasi za kaunta zikapeperuka. "Afadhali! Nilishaingia wasiwasi bure. Basi ndivyo nilivyotaka."

"Ulitaka nyanya?"

"Sana, mama. Bila nyanya mimi nisingefika hapa nilipo."

"Daktari ndiye aliyekuambia?"

"Daktari wa nini? Nyanya ndiye aliyenilea! Amenisomesha kwa kushona."

Mama Kompresa akaweka kisu chini taratibu. "Fundi. Nisikilize vizuri. Hii ni nyanya ile ya kukatia saladi. Nyekundu. Ile inayokaa kwenye friji, droo ya chini, wewe mwenyewe ndiye unayetengeneza hizo droo."

Barafu akautazama mkono wake. Yale majani kidogo kichwani sasa aliyaelewa.

Jamani, Mama Kompresa alicheka. Alicheka mpaka akakalia katoni aliyokuwa anaipasua. Alijaribu kuomba radhi, akaona tena ule mkono, mnene, wenye misuli, umeandikwa nyanya, akaanza upya. Mwisho Barafu naye akashindwa, akacheka, mabega yanatikisa rafu za vipuri.

"Na yale maandishi yanayokaa chini ya mwavuli?" akauliza akifuta macho. "Kwenye makatoni?"

"Yale? Yanasema mzigo unaogopa mvua. 'Huogopa mvua', basi."

Barafu akamkumbuka yule mlinzi wa lango. Akaapa palepale hatamwambia. Yako mambo ambayo mtu anayebeba walevi wawili kwa mpigo haambiwi, tena uso kwa uso.

"Sasa niandikie nyanya mwenyewe. Nyanya mtu."

Mama Kompresa akachukua kalamu, akachana kipande cha katoni, akainama kuandika. Akasita.

"Mzaa baba au mzaa mama?"

"Nyanya tu."

"Kichina hakina nyanya tu, fundi. Mzaa baba ana neno lake, *nainai*. Mzaa mama ana lake, *waipo*. Ukikosea, umemhamisha mtu ukoo."

"Na hiyo *wai* ni nini?"

"Nje. Maana kwa wazee wetu, mama ametoka ukoo wa nje."

"Nyanya yangu awe wa nje?" Barafu alikuja juu.

"Usinikaripie mimi, wakaripie wazee. Haya, mzaa nani?"

Barafu akafungua kinywa kujibu. Akakifunga, akafungua tena. Hakujua. Mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, anayejua kila waya wa kila friji unakokwenda, alikuwa hajui nyanya yake ni mzaa nani.

Usimcheke haraka. Ungekuwa wewe ungejua, sawa, lakini wewe hukulelewa na yule kizee. Kila Barafu alipokuwa mdogo akiuliza mama yake yuko wapi, jibu lilikuwa moja: "Chukua ndoo kateke maji." Akiuliza baba je, "Chukua ndoo." Alipofika miaka kumi, kila chombo cha nyumba ile kilikuwa kimejaa maji hadi pomoni, na yeye hana jibu hata moja, basi akaacha kuuliza. Na Kiswahili hakikuwahi kumlazimisha. Fomu za shule ziliuliza uhusiano wa mlezi, kizee akaandika "nyanya", mwalimu akagonga muhuri. Nyanya ni nyanya. Neno moja lilifunika mambo yote, kwa miaka thelathini na mitano, mpaka likaja kukwama kwenye kaunta ya vipuri.

"Fundi? Unaumwa?"

"Ngoja nikapime," alisema Barafu, na safari hii sauti ilimtoka ndogo.

Saa kumi na moja aliingia kwa nyanya yake, mikono ya shati ameshusha hadi viganjani. Kizee alikuwa dirishani kwenye mashine yake, anapinda sketi ya sare ya bluu, pini tatu mdomoni.

"Shikamoo, Nyanya."

"Marahaba. Joto lote hili, mikono mirefu ya nini? Pandisha."

"Ni sawa tu hivi."

"Pandisha!"

Umri hauna maana mbele ya sauti ile. Akapandisha. Kizee akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake. Akauvuta ule mkono kwenye mwanga.

"Nini hiki?"

Namba ya kompresa, ndivyo alivyopanga kusema. Alikuwa amelifanyia mazoezi hilo jibu njia nzima. Lakini kuna macho ambayo mtu hawezi kuyadanganya. "Ni nyanya," akasema. "Nilitaka nikuandike wewe. Ikatoka ile ya saladi."

Basi balaa. Kizee alisema mambo ya ngozi na kitambaa, akasema mambo ya akili na mahali zinapokaa. Lakini utashangaa, kilichomuudhi zaidi hakikuwa kuchora. "Yaani mimi, na umri wangu huu, ndiyo nimekuwa kiungo cha mchuzi?"

"Haijachomwa, Nyanya, ni wino unaotoka kwa kuoga. Mama Kompresa ataniandikia lililo sahihi. Ila ameniuliza swali. Wewe ni nyanya mzaa baba, au mzaa mama?"

Mguu wa kizee ukatulia juu ya kanyagio.

"Nani anauliza?"

"Kichina."

"Kichina kinanijua mimi?"

"Basi nauliza mimi."

Kizee akarudisha macho kwenye sketi. "Chukua ndoo," akasema.

"Ndoo zimejaa, Nyanya."

Barafu alikuwa anaogopa. Aliogopa kuliko alivyoogopa pale kwenye kiti cha daktari wa meno. Lakini hakuondoka. Alivuta kigoda, akakaa, na kigoda kikalia.

"Sikumzaa baba yako," alisema kizee. "Wala mama yako sikumzaa. Mimi sijazaa mtu. Haya, umeridhika?"

Nje watoto walikuwa wanapiga mpira ukutani. Kizee aliwasikiliza kidogo, halafu akaendelea, bila kumtazama.

"Mama yako alikuwa mpangaji humu. Chumba cha pili, kile cha stoo sasa hivi. Msichana mdogo, mcheshi, anaimba vibaya sana. Baba yako sikumwona hata unyayo. Siku moja asubuhi mama yako akanigongea. Akasema, dada, nishikie mtoto, nafika mahali mara moja, saa kumi nitakuwa nimerudi. Nikakushika."

"Halafu?"

"Halafu nini? Ndiyo nimekushika mpaka leo."

Kizee aliichukua ile sketi, akaiweka chini, akaichukua tena.

"Nilimtafuta. Usidhani sikumtafuta. Polisi, hospitali, kwao alikosema ni kwao, wakasema hawamjui. Wiki ya tatu ukaanza kuniita mama. Nikakukataza."

"Kwa nini?"

"Mwenye jina lake si yupo? Akirudi akute mtoto wake anamwita mtu mwingine mama, ataona nimemnyang'anya. Nyanya ni salama. Nyanya na mama wanakaa nyumba moja, hawagombanii kiti. Basi nikawa nyanya. Miaka arobaini na minne, mvi hata moja sina, wenzangu bombani wananicheka, bibi kizee habari za asubuhi! Nikawajibu nzuri." Akajifuta pua kwa ncha ya kanga ya kiunoni. "Na ulipotaka kunihamishia ile nyumba yenye vigae, nikasema mguu, sijui ngazi, sijui nini. Haikuwa mguu. Akija angenikuta wapi?"

Barafu alilia. Hakulia kwa heshima. Alilia kwa sauti, jitu zima, makamasi na yote. Machozi yakadondokea rundo la sare.

"Usilie juu ya nguo za watu," alisema kizee, naye mwenyewe sauti imepasuka. Alivuta ile sare, akaikunja, akaikunja tena bila sababu. Kisha akauliza kile ambacho, ukimtazama vizuri, alikuwa amekiogopa miaka yote thelathini na mitano. "Sasa umejua. Mimi siyo damu yako. Jirani tu, mtu wa chumba cha pembeni. Utaniitaje kuanzia leo?"

Mtu mwepesi angejibu palepale. Barafu hakuwa mwepesi, hakuwahi kuwa. Alifikiri, akafikiri, hakulipata jina la kumwita, akaona aibu kukaa kimya, akaaga. Kizee akabaki dirishani na mashine yake. Chakula hakuna aliyekigusa.

Asubuhi, kabla Mama Kompresa hajamaliza kufungua makufuli, Barafu alishasimama mlangoni. Macho yalikuwa mekundu lakini mwendo ulikuwa wa mtu aliyeamua.

"Mzaa baba au mzaa mama?" aliuliza Mama Kompresa, tayari na kalamu.

"Hayo mawili acha. Niandikie mama."

"Mama."

"Ndiyo. Kwa Kichina tunasemaje?"

"Mama."

"Mama nimekwambia mimi. Kwa Kichina."

"Na mimi nakwambia. Mama."

"Mama Kompresa, sijalala, usinitanie asubuhi hii."

"Nani anakutania? Mama kwa Kichina ni *mama*! Unafikiri nilipokuja hapa nilijifunza neno gani kwanza? Hilo sikujifunza, nililikuta!" Akavuta kipande cha katoni, akaandika pole pole, herufi moja, kisha ile ile tena pembeni yake. "Inaandikwa mara mbili. Upande huu ni mwanamke. Upande huu ni farasi."

"Farasi wa nini?"

"Wa sauti tu. Farasi kwetu huitwa *ma*, basi anaonyesha jinsi ya kutamka."

Barafu akamfikiria kizee, mashine yake, sare zile zote za miaka hamsini. Akasema farasi abaki, anamfaa. Mama Kompresa akamwuliza nyanya amekuwaje mama ghafla. Barafu akamweleza kwa maneno machache, na yule mama mgomvi akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu. Thermostati akambadilishia bila kuombwa.

Wino alimpokea kwa kununa. "Umepima?"

"Nimepima. Ile ilikuwa nyanya ya saladi."

"Sasa wewe ulitaka nyanya ipi? Mimi nilidhani una shamba!"

Wakasugua ile ya zamani kwa spiriti hadi ikatoka, wakabandika mpya kutoka kwenye kipande cha katoni, mstari kwa mstari, na Barafu akakagua kila mstari kwa kidole. Mashine ikanguruma. Safari hii hakutazama ukutani. Alitazama mkono wake mwenyewe mwanzo hadi mwisho, na machozi yanamtoka, na Wino akamwambia jikaze kaka, sindano haiui. Barafu hakuona haja ya kumsahihisha.

Saa kumi na moja kamili aliingia kwa kizee. Kizee alikuwa palepale dirishani, lakini mashine ilikuwa imefunikwa, na chakula kilikuwa mezani chini ya kawa kimepoa. Alikuwa amevaa vizuri, amekaa wima. Ungesema ni mtu anayesubiri matokeo. Alipomwona Barafu mlangoni, mabega yalimshuka, kisha haraka haraka akakunja uso.

"Umechelewa."

"Sijachelewa. Ni saa kumi na moja."

"Umejichora?"

"Nimejichora."

"Lete."

Barafu akakaa kwenye kigoda, akaunyoosha mkono. Ngozi ilikuwa imevimba, nyekundu, inang'aa kwa mafuta. Kizee akauvuta hadi karibu na pua, akapitisha kidole cha ushonaji pembeni ya maandishi, bila kuyagusa, kama anakagua mshono wa fundi mwingine.

"Mshono umenyooka," alikubali kwa shida. "Imeandikwa nini safari hii? Kitunguu?"

"Mama."

Kidole kikasimama.

Kizee alitazama mlango, ule aliokuwa ameutazama miaka yote ile kila ifikapo saa kumi. Alipokuja kusema, alisema polepole, kama mtu anayeuliza ruhusa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Na yule akirudi?"

"Akirudi tutamtafutia neno lake," alisema Barafu. "Kichina kina maneno mengi."

Kizee hakuuachia ule mkono.